Shanga za Kila Soko: Namna ya Kuamua Machaguo Yanapokuzidi

Mwanzoni mwa 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Unguja, anajiandaa kwenda bara kumtafuta David Livingstone. Gazeti la New York Herald ndilo lililomtuma. Kilichomtoa jasho ni manunuzi. Bara wakati ule chakula, hongo (ushuru wa njia) na ujira vililipwa kwa nguo, shanga na waya, na shanga zenyewe kila nchi ilikuwa na zake. Nyeusi zilipokelewa Ugogo, kwingine zikakataliwa. Zile kubwa za umbo la yai zilikuwa mali Ujiji, lakini njiani hazikukupatia hata kibaba cha mtama. Nyeupe zilipendwa Ufipa, Ukonongo zikadharauliwa. Richard Burton, aliyepita njia hiyo na kufika Kazeh, kwenye Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika kwamba aina za shanga zilifika kama 400. Ukikosea kuchagua, unaingia kijiji chenye chakula tele huku magunia yako hayanunui kitu.

Leo shanga zimebadilika sura tu. Mwanafunzi wa Tabora aliyemaliza kidato cha nne anafungua orodha ya tahasusi, yaani michanganuo ya masomo ya kidato cha tano, ambazo mwaka 2024 serikali iliziongeza hadi zikafika 65. Mkulima wa Urambo anajiuliza abaki na tumbaku, au aingie kwenye alizeti, karanga au nyuki. Kijana ana shilingi elfu mbili kwenye simu, na vifurushi vya siku, wiki na mwezi vinamsubiri hadi anasahau alitaka kumpigia nani. Wote watatu hawajakosa nafasi. Nafasi zimewazidi.

Mwongozo huu una neno moja la msingi: wingi wa vitu humchosha zaidi asiyejua anakokwenda. Anayejua njia yake huingia duka hilohilo, akatoka na mzigo anaoweza kuubeba.

Kwa nini wingi unachosha

Mwaka 2000 watafiti wawili, Sheena Iyengar na Mark Lepper, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye duka la vyakula huko California. Waliweka meza ya kuonja jamu. Kuna saa meza ilikuwa na aina 24, na kuna saa ilikuwa na 6 tu. Meza ya 24 ilivuta watu wengi zaidi. Lakini katika waliosimama hapo, walionunua walikuwa kama 3 kwa kila 100. Kwenye meza ya aina 6 walikuwa kama 30 kwa kila 100.

Usiichukue habari hiyo kama sheria ya kila mahali. Mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio 50 ya namna hiyo na kuona kwamba ukiyachanganya yote, wastani wa madhara ya wingi unakaribia sifuri. Kuna mahali wingi unaumiza na kuna mahali unasaidia. Uchambuzi wa Alexander Chernev na wenzake, uliotoka 2015, ukaonyesha mahali unapouma: vitu vinapokuwa vigumu kulinganisha, kazi yenyewe ya kuchagua inapokuwa ngumu, na hasa mtu anapokuwa hajui anapenda nini au anatafuta nini.

Hapo ndipo penye dawa. Huwezi kupunguza tahasusi za serikali wala vifurushi vya kampuni. Unachoweza ni kujua unachotafuta, kurahisisha ulinganisho, na kukataa kulinganisha vitu 65 kwa mara moja. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, na koroma hilo mara nyingi hulipata kwa sababu alizishika nazi zote bila kujua anapika nini.

Hatua ya 1: Taja safari kabla ya kutazama bidhaa

Stanley alisoma vitabu vya wasafiri waliomtangulia, Burton, Speke na Grant, na vyote havikumwambia anunue nguo kiasi gani. Aliyemfungua macho ni mfanyabiashara Mwarabu wa Unguja, Sheikh Hashid, kwa jibu moja fupi: watu 100 watakula doti 10 za nguo kwa siku. Kuanzia hapo duka zima likawa hesabu. Siku 365 mara doti 10 ni doti 3,650. Akagawa: merikani doti 2,000, kaniki doti 1,000, na nguo za rangi doti 650.

Tazama kilichotokea. Nguo za dukani hazikupungua hata moja. Aliyebadilika ni mnunuzi, kwa sababu swali lake lilibadilika. Mwanzo aliuliza, "Ninunue nini katika hivi vyote?" Sasa anauliza, "Watu wangu watakula nini kwa siku ngapi?" Swali la kwanza halina mwisho. La pili lina jibu.

Fanya hivyo nawe. Kabla hujafungua orodha yoyote, andika sentensi moja inayoanza na "Nataka hiki ili…" kisha malizia kwa kitu kinachopimika. "Nataka simu" si sentensi iliyokamilika. "Nataka simu ya kupokea malipo ya wateja na kupiga picha za mizigo, ikae na chaji kutwa nzima" ni safari inayojulikana. Ukiingia dukani na sentensi ya namna hiyo, simu nyingi kwenye kabati zinaacha kuwa zako hata kabla muuzaji hajafungua kioo. Na ukishindwa kuimalizia, usiende dukani bado. Tatizo lako halijafika kwenye bidhaa.

Hatua ya 2: Muulize aliyetoka huko

Stanley alipata kwa Sheikh Hashid kile ambacho vitabu havikumpa, kwa sababu huyu aliishi kwa biashara ya bara. Mtu wa aina hiyo anakupunguzia machaguo mengi zaidi kwa dakika chache kuliko utakavyoyapunguza peke yako kwa wiki.

Lakini chagua wa kumuuliza. Watu 20 wakikupa majibu 20, umejiongezea orodha nyingine. Tafuta wawili au watatu waliofanya jambo lenyewe, na uwaulize maswali ya vitendo. Unataka kuanza kufuga nyuki? Usimuulize mtu "mzinga gani bora." Muulize: umevuna mara ngapi mwaka huu, mizinga mingapi imekaa mitupu, ukianza upya ungenunua ipi kwanza? Mkoa wa Tabora una bahati hapa. Misitu ya miombo imewalea warina asali wa tangu zamani, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapohapo mjini. Mzee wa Sikonge mwenye mizinga ya magogo juu ya miti na mtaalamu mwenye mizinga ya kisasa hawatakubaliana katika kila jambo. Pale watakapokubaliana, shika.

Na anayekuuzia kitu asiwe mshauri wako pekee. Kazi yake ni kukuonyesha alichonacho.

Hatua ya 3: Futa kwa masharti, usichague kwa mvuto

Watu wengi huanza kwa kutafuta kilicho kizuri kuliko vyote. Njia hiyo inakulazimisha kukishika kila kitu na kukilinganisha na kila kingine. Anza upande wa pili: tafuta kisichofaa, ufute. Kufuta ni rahisi kuliko kuchagua.

La kwanza kufuta ni lile ambalo halipo kweli. Tabora ilikuwa njia panda: kaskazini unakwenda Karagwe na Buganda, magharibi Ujiji, kusini Ufipa na Katanga. Stanley alipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, mwezi Juni 1871, kwenye ramani njia ya moja kwa moja ya Ujiji ilikuwepo. Kwa hakika Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga, akiwa kwenye vita na Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na vita hivyo mwezi Agosti kwa matumaini ya kuifungua, wakashindwa. Septemba 20 akaifuta, akazunguka kusini kupitia Ukonongo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Ujiji na Livingstone. Miezi mingi ya maisha yetu inaliwa hivyohivyo, tunaisubiri njia iliyofungwa kwa sababu bado inaonekana kwenye ramani.

Sasa rudi kwa mwanafunzi wetu na tahasusi 65. Aweke masharti matatu, kwa mpangilio huu.

Sharti la kwanza ni matokeo. Abakize tahasusi ambazo masomo yake yote matatu amepata C au zaidi. Tuseme ana B ya Jiografia, B ya Kiswahili, C ya Historia, C ya Kiingereza, C ya Biolojia, na D ya Hisabati, Fizikia na Kemia. PCM, PCB na EGM zinaanguka hapo hapo, pamoja na ndugu zao wote wenye Fizikia, Kemia au Hisabati. Orodha imepungua sana kabla hajahuzunika wala kufurahi.

Sharti la pili ni kule mbele. Aandike kazi tatu tu anazoziona akizifanya, kisha atazame mwongozo wa udahili wa vyuo unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), aone kozi za kazi hizo zinadai masomo gani. Tahasusi isiyomfikisha kwenye hata moja kati ya tatu, aifute, hata kama jina lake linapendeza.

Sharti la tatu ni shule. Hakuna shule inayofundisha tahasusi zote. Kwa kila iliyobaki, hasa zile mpya, aulize: ni shule zipi zinayo, na je, walimu wa masomo hayo wapo?

Akimaliza, mkononi atakuwa na tahasusi chache, pengine HGK, HGL na HKL, zote za Historia, Jiografia, Kiswahili au Kiingereza. Sasa ndipo mzazi, mwalimu na rafiki wanaitwa. Mazungumzo juu ya tatu yana faida. Mazungumzo juu ya 65 huishia kwa baba kusema, "Soma sayansi," na mtoto kunyamaza.

Hatua ya 4: Weka kiwango cha kutosha, kisha simama hapo

Herbert Simon, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu hana muda wala akili ya kutafuta kilicho bora kuliko vyote katika kila jambo. Mwenye busara huweka kiwango, na cha kwanza kinachofika hapo hukichukua.

Jaribu kwa asali, maana asali ya Tabora ni mtihani mzuri. Sokoni kuna ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, nyeusi na ya dhahabu, kwenye chupa za maji zilizotumika na kwenye vyombo vyenye lebo, na kila muuzaji anakuonjesha. Ukionja meza kumi, ulimi umeshapotea, na ya kumi huwezi kuitofautisha na ya pili. Badala yake jiwekee masharti manne kabla ya kuonja: imechujwa hadi haina masega wala nyuki waliokufa; hainuki moshi; chombo ni safi na kifuniko kinafunga; muuzaji anakutajia ilikotoka, iwe Sikonge au Kaliua, bila kubabaika. Meza ya kwanza inayotimiza yote manne, lipa uondoke. Usipite meza inayofuata kuulizia bei. Ukikuta imepungua shilingi mia tano, hutairudisha hiyo uliyonunua, na utamu wake utakuwa umeshapungua.

Ushauri huu ni wa mambo ya kila siku. Kwenye ndoa, ardhi na matibabu makubwa, kiwango kiwe juu na uchunguzi uwe mrefu. Lakini hata huko kiwango lazima kiwepo, la sivyo utachunguza hadi uzeeni.

Hatua ya 5: Hesabu wapagazi

Mbona Stanley hakubeba tu kila aina ya shanga kwa usalama? Kwa kiasi fulani alifanya hivyo. Kwenye nguo Sheikh Hashid alimpa kipimo kinachoeleweka. Kwenye shanga hakuna aliyeweza kumhakikishia ipi itapendwa wapi. Akaondoka na aina 11, magunia 22.

Ila kila gunia lilitaka bega. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, na mpagazi huyo naye alikula kila siku, alilipwa, aliugua, na alikuwa na shamba lake Unyamwezi alilotaka kulirudia kabla ya mvua. Shanga za akiba zilizobebwa "huenda zikahitajika" zilikula nguo zilizokuwa za kununulia chakula.

Hesabu hiyo tunaisahau. Tunadhani kutoamua ni bure. Kijana anayejiandaa kwa wakati mmoja kuomba kazi serikalini, kufungua duka, kurudi chuo na kwenda Dar es Salaam amebeba mizigo minne, na kila mmoja unamla nauli, muda na usingizi. Andika machaguo yote unayoyaacha wazi, na mbele ya kila moja andika kinachokutoka kwa mwezi ili liendelee kuwa wazi: fedha, saa, mawazo. Lile ambalo gharama yake imeshapita faida yake, tua.

Hatua ya 6: Tenganisha linalorudishika na lisilorudishika

Maamuzi hayana uzito mmoja, na kosa kubwa ni kuyapa yote muda sawa. Kifurushi cha siku kikikosewa, kesho utanunua kingine. Kwa mambo ya namna hiyo jiwekee kawaida moja na usiifikirie tena: kila Jumatatu kifurushi fulani cha wiki, basi.

Shambani tofauti ni kubwa zaidi. Karanga au alizeti kwenye robo eka ni jaribio. Likishindikana umepoteza mbegu, jasho na msimu mmoja. Tumbaku ni jambo jingine. Inakuja na mkataba, pembejeo za mkopo kupitia chama cha msingi, bani la kukaushia na kuni zake. Ukishaingia, hutoki katikati ya msimu kwa sababu bei ya alizeti imepanda. Kwa hiyo linalorudishika lijaribu upesi na kwa kiasi kidogo, na uachie shamba likupe jibu. Lisilorudishika lipe muda, washauri na karatasi.

Hatua ya 7: Taja siku, ukishaamua funga

Mkulima wa Tabora hana haja ya kufundishwa hili: mvua ya Novemba haimngojei anayelinganisha mbegu. Tatizo ni maamuzi yasiyo na mvua, yale yanayoweza kusogezwa mwaka hadi mwaka. Hayo yawekee mvua yako mwenyewe. Taja tarehe, na umwambie mtu mmoja atakayekuuliza siku hiyo ikifika.

Na siku ikifika, ujue hakuna uamuzi usio na hasara. Mji wa Tabora una mfano wake mkubwa. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, chama kikiwa na swali gumu mezani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au wadhifa. Wajumbe wengi waliona kushiriki ni kuukubali ubaguzi. Julius Nyerere, ambaye Tabora ilimjua tangu akiwa mwanafunzi wa shule ya serikali pale, alitaka chama kishiriki. Mjadala ulikuwa mkali, na hoja yake ikashinda kwa sababu aliurudisha mkutano kwenye safari: njia ipi inatufikisha kwenye uhuru? Kususia kungewaachia wengine viti.

Hasara ilikuwepo. Zuberi Mtemvu, mwanachama wa TANU, alijitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress. TANU haikurudi nyuma kuujadili upya uamuzi ule. Iliingia kwenye uchaguzi wa Septemba 1958 na wa Februari 1959, wagombea iliowaunga mkono wakashinda, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru. Mpaka leo Watanzania wanauita Uamuzi wa Busara.

Nawe ukishaamua, funga. Ukishajaza tahasusi, acha kuuliza za wenzako. Ukishalipa mizinga, toka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wanaobishana mizinga, nenda kaitundike. Jipe siku ya kutathmini, mathalani baada ya mavuno mawili au baada ya muhula mmoja, na kabla ya siku hiyo swali lisifunguliwe.

Anza leo na moja

Bila shaka kuna uamuzi unaouzungusha kichwani hata unaposoma hapa. Chukua karatasi. Juu andika sentensi ya "Nataka hiki ili…". Chini yake andika masharti matatu, ufute kila kisichoyatimiza. Katika vinavyobaki, kama ni vitatu au pungufu, muulize mtu mmoja aliyewahi kufanya jambo hilo. Kisha taja tarehe. Vikibaki zaidi ya vitatu, ongeza sharti moja, usiongeze wiki. Na siku ikifika, chagua kimoja, beba, na uanze safari.